Kumweleza Mjamzito Namba: Historia ya Ushauri Nasaha wa Vinasaba

Ushauri nasaha wa vinasaba ulipata jina lake mwaka 1947 katika jiji la Minneapolis, Marekani. Aliyelitunga ni Sheldon Reed, mtaalamu wa elimu ya urithi ambaye mwaka huohuo alikabidhiwa uongozi wa Taasisi ya Dight katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Kazi yake ilikuwa utafiti, lakini alikuwa akipokea maswali kutoka kwa madaktari, mashirika ya ustawi wa jamii na wazazi wenyewe. Wengi wa wazazi hao walikuwa wamezaa mtoto mwenye maradhi au ulemavu, wengine walikwisha kumzika, na walitaka kujua kama wakizaa tena itatokea vilevile. Majina yaliyotumika hadi wakati huo, kama "usafi wa urithi", Reed aliyakataa kwa sababu yalibeba kumbukumbu mbaya. Alitaka kazi hii ihesabiwe kuwa tawi la ustawi wa jamii, na mtu anayehudumiwa awe ni mzazi aliye mbele ya mshauri, si taifa wala kizazi kijacho.

Kumbukumbu hiyo mbaya ilikuwa ya yujeniki, yaani fikra kwamba jamii iamue nani azae na nani asizae ili binadamu "waboreke". Neno hilo lilibuniwa na Mwingereza Francis Galton mwaka 1883, na Marekani ndiyo iliyoligeuza kuwa sheria mapema. Jimbo la Indiana lilipitisha sheria ya kufunga uzazi kwa lazima mwaka 1907, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikabariki sheria ya namna hiyo ya jimbo la Virginia. Huko Cold Spring Harbor, New York, ofisi maalumu iliyoanzishwa mwaka 1910 ilituma wafanyakazi, wengi wao wanawake vijana, wakusanye habari za koo za watu nyumba kwa nyumba na katika hospitali za wagonjwa wa akili. Ofisi hiyo ilitoa pia ushauri kwa wachumba. Kisha Ujerumani ya Hitler ilipitisha sheria yake mwaka 1933, na watu wapatao 400,000 wakafungwa uzazi kwa nguvu. Taasisi aliyoiongoza Reed haikuwa mbali na historia hiyo: ilianzishwa kwa mali ya Charles Dight, daktari wa Minneapolis aliyeipigania yujeniki kwa miaka mingi, na ambaye mwaka 1933 alimwandikia Hitler barua ya kumsifu.

Bila kuyajua hayo, kanuni ya kwanza ya taaluma hii haieleweki. Kanuni yenyewe inasema mshauri haamui, wala hamwambii mtu azae au asizae. Anaeleza kinachojulikana, kisha anamwachia mwenye shauri lake. Leo inasomeka kama adabu ya kawaida ya hospitali, lakini ilipowekwa ilikuwa ukuta wa kuwazuia washauri wenyewe wasirudi walikotoka. Hata Reed mwenyewe hakuwa ameachana kikamilifu na huko walikotoka. Aliamini kwamba wazazi wakipewa ukweli wataamua kwa busara, na kwamba kwa ujumla uamuzi wao utakuwa na manufaa kwa urithi wa jamii. Tofauti kubwa kati yake na waliomtangulia ni kwamba hakuna aliyelazimishwa, na hilo halikuwa jambo dogo.

Katika miaka hiyo ya mwanzo mshauri hakuwa na kipimo cha mimba. Alikuwa na mchoro wa ukoo, uzoefu wa familia nyingine, na namba. Kwa ugonjwa unaotokea pale baba na mama wote wawili wanapobeba kinasaba chake bila wao kuugua, namba ilikuwa moja katika nne. Kwa kasoro nyingine ambazo chanzo chake hakikujulikana sawasawa, namba ilitokana na hesabu za familia zilizopitia jambo hilo, na mara nyingi ilikuwa ndogo. Reed aligundua kwamba wazazi wengi walikuja na hofu kubwa kuliko namba waliyostahili, wakaondoka na nafuu. Aligundua pia kwamba wengine waliielewa kombo. Moja katika nne walidhani ni zamu, kwamba mtoto mmoja akishaugua basi watatu wanaofuata wamesalimika, wakati kila mimba huanza hesabu yake upya. Kosa hilo limeendelea kuwasumbua washauri katika kila nchi ambako kazi hii imefika.

Mazungumzo yalibadilika sindano ilipoingia. Madaktari walikwisha kuzoea kuchota kiasi kidogo cha maji ya chupa ya uzazi ili kupima madhara ya damu ya mama na mtoto zisizopatana. Mwaka 1956 Fritz Fuchs na Povl Riis wa Copenhagen walionyesha kwamba chembe zinazoelea katika maji hayo zinaweza kufichua kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Sheria ya Denmark ilikuwa tayari ikiruhusu mimba kutolewa kwa sababu za urithi, na mwaka 1960 wawili hao waliandika juu ya kutumia kipimo hicho kwa wanawake wanaobeba kinasaba cha himofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda ambao huwapata hasa wavulana.

Uamuzi waliokabidhiwa wanawake hao ulikuwa mgumu kupita yote yaliyofuata. Kipimo hakikusema kama mtoto anaumwa. Kilisema jinsia tu, na kwa mama mbebaji kila mtoto wa kiume alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mzima kabisa. Aliyetoa mimba ya kiume alijua kwamba huenda anatoa mtoto asiye na ugonjwa wowote. Daktari hakuwa na neno la kupunguza uzito huo, na kwa miaka kadhaa hakuna maabara iliyoweza kumwambia zaidi.

Wakati huohuo elimu ya kromosomu ilikuwa inakwenda kasi. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliofanya kazi Lund, Sweden, walitangaza kwamba binadamu ana kromosomu 46, si 48 kama ilivyofundishwa. Mwaka 1959 Paris ilitoa habari kwamba watu wenye hali ya Down wana kromosomu moja ya ziada. Taarifa ilitoka kwa majina ya Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Mwaka 1966 Mark Steele na Roy Breg wa Marekani walifaulu kuotesha chembe za maji ya uzazi hadi kromosomu zikasomeka, na miaka miwili baadaye madaktari wa New York na Chicago walikuwa wakitambua hali ya Down kwa mtoto ambaye bado yu tumboni. Sheria za utoaji mimba nazo zilikuwa zinabadilika: Uingereza mwaka 1967, jimbo la New York mwaka 1970, na Marekani nzima kwa hukumu ya mwaka 1973.

Hapo awali mshauri alizungumza na wazazi kati ya mimba moja na nyingine, kukiwa na nafasi ya kufikiri. Sasa alizungumza na mwanamke mwenye mimba, na kalenda ilikuwa mezani. Maji yalichotwa karibu na wiki ya 16, chembe zikahitaji wiki mbili au tatu kuota, na jibu likaja karibu na wiki ya 20, wakati mama ameshaanza kumsikia mtoto akicheza. Maamuzi ambayo zamani yalichukua miezi yalibanwa katika siku chache.

Swali lililofuata lilikuwa nani apewe kipimo hicho. Jibu lililoenea Marekani na katika nchi nyingine za Magharibi lilikuwa umri wa miaka 35. Wanawake wengi waliipokea namba hiyo kana kwamba mwili hubadilika siku ya kuzaliwa, lakini asili yake ni hesabu ya mizani pamoja na uhaba wa maabara. Uwezekano wa mtoto mwenye kromosomu ya ziada huongezeka polepole kadiri umri wa mama unavyosogea, na karibu na miaka 35 ulikadiriwa kufikia kiwango kilicholingana na uwezekano wa sindano yenyewe kuharibu mimba, ambao kwa miaka mingi ulitajwa kuwa mmoja katika 200. Hesabu hiyo ilikuwa na dhana ndani yake, kwamba kupoteza mimba na kuzaa mtoto mwenye hali ya Down ni mambo yenye uzito sawa. Wanawake hawakuulizwa kama wanakubali. Kuna aliyeona kupoteza mimba aliyoihangaikia kwa miaka kumi ni msiba mkubwa kuliko kulea mtoto mwenye ulemavu, na kuna aliyeona kinyume chake. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliacha kutumia umri kama mpaka mwaka 2007, kiliposema kwamba kila mjamzito apewe nafasi ya kupimwa, awe na umri wowote.

Madaktari wenye ujuzi wa vinasaba walikuwa wachache mno kuzungumza na wajawazito wote waliostahili kipimo kwa umri. Mwaka 1969 Chuo cha Sarah Lawrence, chuo kidogo huko Bronxville nje ya jiji la New York, kilianzisha shahada ya uzamili ya kuwafundisha washauri. Mwanzilishi alikuwa Melissa Richter, aliyekuwa na shauku ya kuwafungulia njia ya taaluma wanawake waliokuwa wameacha masomo kwa ajili ya kulea. Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 1971. Mwaka uliofuata uongozi ulishikwa na Joan Marks, mtaalamu wa ustawi wa jamii, na ndiye aliyeusukuma mtaala upande wa kusikiliza: wanafunzi wafundishwe kuhusu huzuni, hatia na ndoa kwa uzito uleule wa kromosomu. Mwaka 1979 washauri hao walianzisha chama chao cha kitaifa. Kazi iliyoanzishwa na maprofesa wanaume wa maabara ilikuwa imehamia mikononi mwa wanawake waliokaa na wagonjwa ana kwa ana.

Kutoka kwa mwanasaikolojia Carl Rogers walichukua mbinu ya kutomwelekeza mtu. Rogers alifundisha kwamba anayeshauriwa ana uwezo wa kulipata jibu lake mwenyewe, na kazi ya mshauri ni kumrudishia maneno na hisia zake mpaka ajione vizuri. Mbinu hiyo ilikutana na ule ukuta wa kuizuia yujeniki, na vikaonekana kama kitu kimoja. Havikuwa kimoja. Kwa Rogers, kutoelekeza kulidai ukaribu na kazi nyingi. Kwa kliniki yenye haraka, kulimaanisha kutaja namba na kunyamaza. Mengi yaliyoharibika baadaye yalianzia katika mchanganyiko huo.

Mwaka 1975 kamati ya chama cha wanajenetiki wa Marekani ilichapisha maelezo rasmi ya kazi hii, na kuiita mchakato wa mawasiliano. Familia isaidiwe kuelewa ugonjwa na matibabu yake, namna unavyorithiwa, na njia zilizopo. Ichague njia inayopatana na malengo, maadili na dini yake. Kisha isaidiwe kuishi na hali hiyo. Baadaye watafiti walianza kupima mawasiliano hayo, na walichokikuta kiliwashtua. Sehemu kubwa ya watu waliotoka katika kikao hawakuweza kuitaja kwa usahihi namba waliyopewa muda mfupi uliopita.

Maelezo ya maana zaidi yalitoka Montreal, Kanada. Abby Lippman-Hand na F. Clarke Fraser, waliochapisha kazi yao mwaka 1979, hawakuuliza kama wazazi wanaikumbuka namba. Walichunguza wanaitumia vipi. Waliona kwamba moja katika nne au tatu katika mia zote mwishoni hugeuka kuwa jambo lenye sura mbili: litatokea au halitatokea. Mzazi haishi na asilimia. Akizaa, atapata mtoto huyu au yule. Kwa hiyo wazazi waliacha hesabu na kuanza kujaribu visa kichwani: ikitokea, nani atabaki nyumbani na mtoto? Ndoa itahimili? Huyu mkubwa atatunzwa na nani? Aliyeona kwamba hata hali mbaya kabisa angeweza kuibeba alizaa, na aliyeona hawezi hakuzaa, hata kama wote wawili walipewa namba moja. Utafiti huo ulipaswa kubadilisha kikao kizima, kwa maana ulionyesha kwamba swali la mzazi ni "tutaishije?" huku jibu analopewa likiwa "uwezekano ni kiasi gani". Mabadiliko yalikuja polepole mno.

Miaka ya 1980 wanawake wasomi waliingia kliniki na kusikiliza. Barbara Katz Rothman, mwanasosholojia, alichapisha mwaka 1986 kitabu kilichoeleza mimba inayowekwa kando mpaka majibu yatoke: mama hawaambii jamaa, haonyeshi tumbo, anazuia mapenzi yake kwa mtoto. Rothman aliona kwamba kipimo kilichouzwa kama faraja kilikuwa pia kinaibadilisha mimba yenyewe, kwa wale walioambiwa kila kitu ni salama kama kwa wengine.

Rayna Rapp, mwanaanthropolojia wa New York, aliingia katika suala hili kwa maumivu yake mwenyewe. Mwaka 1984 aliandika hadharani katika gazeti la wanawake juu ya mimba yake aliyoitoa baada ya kipimo kuonyesha hali ya Down. Kisha akatumia miaka mingi katika kliniki za jiji hilo, akikaa na wanawake weusi wa Marekani, wahamiaji kutoka Haiti na Amerika ya Kusini, na Wazungu wa tabaka la kati. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1999. Alionyesha kwamba maelezo ya kitaalamu yaleyale yanaangukia katika maisha yasiyofanana. Mwanasheria mwenye miaka 38 anayepata mimba yake ya kwanza huiona namba moja katika mia kadhaa kuwa kubwa. Mwanamke aliyezaa watoto wanne wazima, au aliyepoteza mimba nyingi, au aliyewaona watoto wa jirani wakifa kwa risasi, ana hatari nyingine za kuzilinganisha nayo. Wengi wa waliotumwa kutoka hospitali za umma hawakurudi kwa miadi ya sindano. Wafanyakazi wa hospitali waliona kutorudi huko kuwa ni kutoelewa. Rapp alionyesha kwamba mara nyingi ulikuwa uamuzi, uliofikiwa jikoni pamoja na mume, mama mzazi au dada, kwa kumtanguliza Mungu au kwa kutoiamini hospitali.

California ilitoa fundisho la aina nyingine. Kuanzia mwaka 1986 jimbo hilo liliwataka watoa huduma wampe kila mjamzito nafasi ya kipimo cha damu kinachotafuta kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Kilikuwa cha hiari kwa sheria. Carole Browner na wenzake, waliochunguza wanawake wenye asili ya Meksiko, walikuta kwamba wengi walikikubali kama sehemu ya utaratibu wa kliniki, kwa kuwa mama mwema hufanya vipimo anavyoambiwa. Uamuzi wa kweli ulikuja baadaye, majibu yalipotoka mabaya na sindano ikapendekezwa. Na hapo kilichomsukuma mama kilikuwa msimamo wa baba wa mtoto, au imani kwa mshauri aliyekaa mbele yake, kuliko hesabu.

Ugonjwa wa damu wa selimundu una historia yake, na ndio unaoifikisha habari hii Afrika Mashariki. Mwaka 1949 James Neel wa Chuo Kikuu cha Michigan, na E. A. Beet aliyekuwa daktari Rhodesia ya Kaskazini, walionyesha kila mmoja kwa njia yake kwamba mgonjwa ni mtoto aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwaka huohuo Hermann Lehmann na Alan Raper waliripoti kutoka Uganda kwamba miongoni mwa Waamba wa Bwamba wabebaji walifika takriban 45 kati ya watu 100. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichapisha ushahidi kwamba wabebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na hivyo akaeleza kwa nini kinasaba hicho hakijatoweka.

Marekani iliitumia elimu hiyo vibaya. Mwaka 1968 Linus Pauling, mshindi wa tuzo mbili za Nobel, alipendekeza wabebaji wachanjwe alama katika paji la uso ili wasioane. Mapema miaka ya 1970 majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwapima kwa lazima watoto weusi wa shule au wachumba, mara nyingi bila mpango wowote wa kuwaeleza maana ya majibu. Watu wazima wenye afya waliambiwa ni wagonjwa. Chuo cha jeshi la anga kiliwakataa wabebaji hadi mwaka 1981. Sheria iliyosainiwa na Rais Nixon Mei 1972 ilidai kwamba fedha za serikali kuu ziende kwa mipango ya hiari yenye ushauri nasaha. Mwaka 1978 Yuet Wai Kan na Andrée Dozy wa San Francisco walifungua njia ya kuutambua ugonjwa huo kwa vinasaba kabla ya mtoto kuzaliwa. Wamarekani weusi wengi hawakukimbilia kipimo hicho, na baada ya yale yaliyotangulia hakuna cha kushangaza.

Tanzania hukadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa duniani. Hata hivyo kipimo cha mimba hakijawa kiini cha mashauriano hapa. Kwa sababu za kutoa mimba, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hutambua kuokoa maisha ya mama, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja dharura na hatari kwa maisha au afya ya mama. Ugonjwa wa kijusi wenyewe haukutajwa. Maabara nazo ni chache na gharama ni kubwa. Kwa hiyo mazungumzo mengi hufanyika katika nyakati nyingine mbili: baada ya mtoto wa kwanza kugunduliwa anaumwa, na kabla ya ndoa. Uganda, viongozi wa dini na ufalme wa Buganda wamewahimiza wachumba wapime damu. Muhimbili, Dar es Salaam, mpango wa utafiti na huduma ulioanza mwaka 2004 chini ya Julie Makani uliwapa maelfu ya familia mahali pa kuuliza. Wahudumu wengi walikuwa wameshaijua mbinu ya kutoelekeza kupitia upimaji wa hiari wa VVU. Ila selimundu ina ugumu wake: mama huulizwa na wakwe ugonjwa umetoka kwa nani, na mshauri asiyemwita baba kikaoni akaeleza kwamba kinasaba kimetoka pande zote mbili humwacha mama abebe lawama peke yake.

Jamii nyingine ziliamua kwamba uamuzi usiwe wa mtu mmoja chumbani. Cyprus, ambako thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, ilikuwa inameza sehemu kubwa ya bajeti ya afya, serikali na Kanisa la Kiorthodoksi vilikubaliana katika miaka ya 1980 kwamba wachumba walete cheti cha kupimwa. Kanisa halikukataa kuwafungisha ndoa wabebaji wawili. Lilitaka tu wajue. Brooklyn, Rabi Josef Ekstein wa jamii ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, aliyezika watoto wanne kwa ugonjwa wa Tay-Sachs, alianzisha mwaka 1983 utaratibu ambao kijana hapewi majibu yake kabisa. Hupewa namba ya siri, na familia mbili zinapofikiria uchumba hupiga simu na kuambiwa kama wawili hao wanafaana. Kwa kipimo cha washauri wa Sarah Lawrence hilo ni kinyume cha kila walichofundishwa, kwa kuwa mtu hapewi habari zake mwenyewe. Kwa jamii hiyo ni kinga dhidi ya fedheha, na limefanikiwa kwa sababu limejengwa juu ya namna ndoa zao zinavyopangwa.

Kwa Waislamu, tamko la Baraza la Fiqhi la Makka la mwaka 1990 liliweka mpaka ulio wazi. Mimba inaweza kutolewa kabla ya kutimiza siku 120 iwapo kamati ya madaktari waaminifu itathibitisha ulemavu mkubwa usiotibika, na wazazi wakataka. Maana yake kwa mashauriano ilikuwa ya moja kwa moja. Majibu ya sindano ya maji ya uzazi yalifika wakati siku hizo zinaishia au zimekwisha. Kipimo cha kuchukua kipande kidogo cha kondo, kilichoenea miaka ya 1980, hufanyika karibu na wiki ya 11 na huacha nafasi ya kutafakari. Uingereza, Bernadette Modell alionyesha kwamba dhana ya madaktari wengi, kwamba wazazi wenye asili ya Pakistani hawataki kipimo cha thalasemia kwa sababu ya dini, haikuwa ya kweli. Nusu hivi ya wazazi waliostahili hawakupewa nafasi hiyo. Walipopewa mapema katika mimba, walio wengi walikubali. Daktari aliyedhani anaheshimu dini yao alikuwa ameshaamua kwa niaba yao.

Ukosoaji wa kanuni ya kutoelekeza ulikomaa miaka ya 1990. Mwaka 1991 Angus Clarke, mwanajenetiki wa Cardiff, aliandika katika jarida la Lancet kwamba kitendo cha hospitali kutoa kipimo tayari ni pendekezo, kwa kuwa hakuna anayepewa kipimo cha jambo lisilohesabiwa kuwa baya. Uchunguzi wa Susan Michie na wenzake, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba washauri waliodai hawaelekezi walitoa ushauri na maoni mara kadhaa katika kila kikao. Seymour Kessler, mwanasaikolojia aliyewafundisha washauri kwa miaka mingi, alisema mwaka huohuo kwamba kutoelekeza kumefasiriwa kama kutofanya kitu, wakati ni ustadi wa kumjengea mtu uwezo wa kuamua. Hoja ya Kessler ndiyo yenye nguvu zaidi. Mwanamke aliyetoka kupokea jibu baya akaambiwa "uamuzi ni wako" na kuachwa, hajaheshimiwa, ametelekezwa. Nje ya nchi za Kiingereza kanuni yenyewe haikuwahi kuenea sana: Dorothy Wertz na John Fletcher, waliowahoji wanajenetiki wa nchi zaidi ya 30, walikuta kwamba katika sehemu kubwa ya dunia madaktari waliona ni wajibu wao kushauri wazi.

Watu wenye ulemavu waliuliza swali gumu zaidi. Adrienne Asch, msomi wa Marekani aliyekuwa kipofu, alisema maelezo ya kliniki hutaja orodha ya maradhi ya moyo na upungufu wa akili bila kumwonyesha mzazi mtu anayeishi na hali hiyo, anayekwenda shule, anayependwa. Sheria ya Marekani ya Oktoba 2008, iliyosukumwa na maseneta Edward Kennedy na Sam Brownback waliotofautiana kabisa juu ya utoaji mimba, ilitaka wazazi wanaopata majibu hayo wapewe maelezo sahihi ya maisha ya watu hao na mahali pa kupata msaada.

Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake waligundua kwamba vipande vya DNA vya mtoto huzunguka katika damu ya mama. Mwaka 2011 vipimo vilivyotokana na ugunduzi huo vilianza kuuzwa, na damu ya mkono ikatosha kuanzia wiki ya 10. Hakuna sindano tumboni, hakuna hatari kwa mimba. Kilichopotea ni ule muda wa kuzungumza uliokuwa unalazimishwa na sindano.

Namba nazo zimerudi na mtego mpya. Matangazo husema kipimo kina usahihi wa asilimia 99. Chukua wanawake vijana 10,000 ambao miongoni mwao watoto 10 wana hali ya Down. Kipimo kitawakamata karibu wote. Kikikosea hata mara moja tu katika kila mimba 1,000 zisizo na hali hiyo, kitawapa wanawake wengine 10 jibu la uongo. Anayepewa jibu baya katika kundi hilo ana nafasi nusu kwa nusu tu kwamba ni kweli, na kwa kasoro zilizo nadra zaidi nafasi hiyo hushuka chini sana. Aprili 2022 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilitoa tahadhari kwa umma kwamba vipimo hivi ni vya uchunguzi wa awali, na kwamba wapo waliotoa mimba kwa kutegemea majibu yake pekee, bila kuyathibitisha kwa kipimo cha kondo au cha maji ya uzazi.

Wengi wa wanaopokea majibu hayo leo hawapitii kwa mshauri aliyesomea. Hupigiwa simu na muuguzi, huelezwa na daktari wa uzazi katikati ya foleni, au hujisomea wenyewe katika simu ya mkononi kabla hajatokea mtu wa kuwafafanulia.